Mpangaji wa Chumba cha Mwisho

Mpangaji wetu wa chumba cha mwisho hali chochote kilichowekwa chini. Ukimpelekea sahani, lazima uishike mpaka aipokee kwa mikono yake mwenyewe. Ukiiacha kwenye kizingiti, au hata juu ya meza yake kisha ukageuka, itabaki hapo mpaka nzi waikute. Kwa mchoma chapati wa kona hakuwahi kumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akanyoosha mkono na kungoja chapati iwekwe kiganjani ikiwa bado na moto. Watu wa ploti walisema ni maringo ya mtu aliyekaa Ulaya. Mama alisema anaogopa sumu. Mimi nilikuja kuijua sababu, kwa kuwa nilikaa chumbani kwake miezi saba, na hakuna mwingine aliyekaa humo hata siku moja.

Ploti yetu iko Busia, upande wa Uganda, nyuma ya uwanja ambako malori hungoja zamu ya kuvuka. Vyumba ni saba, vyote kwa mstari mmoja, milango ikitazama ukuta wa uwanja. Cha kwanza ni chetu, mimi na mama. Cha mwisho ni chake, miaka sita sasa. Kodi huletwa na dada yake anayeishi Kampala, ambaye hajawahi kukaa hata kunywa chai.

Alipokuja alikuwa na miaka kama thelathini na minane. Hakuwa mgonjwa. Kifua chake kilikuwa kipana, na miguu yake ilikuwa ya mtu aliyeendesha baiskeli miaka mingi, misuli imekaza nyuma kama kamba. Kila asubuhi alinyoa ndevu. Alipiga pasi shati, akavaa viatu, akafunga kamba kwa mafundo mawili. Halafu alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akavuta pazia, na hiyo ndiyo ikawa siku yake.

Mtu wa mbali anaweza asielewe kwa nini jambo hilo lilitutisha. Busia ni mji wa mwendo. Kuna wanaobadilisha pesa wamesimama barabarani tangu alfajiri, kuna mawakala wa forodha wanaokimbia na karatasi, kuna boda, kuna kina mama wanaovuka na mizigo kichwani na kurudi na mingine. Hata asiye na kazi hapa ana mwendo wake. Anajipitisha karibu na malori, anasalimia madereva, anashika kamba ya turubai kabla hajaambiwa. Watu wasio na kazi tuliwazoea. Mtu asiyeitaka hatukuwa tumemwona.

Mama Nekesa, anayetoka upande wa Kenya kila asubuhi kuuza dagaa mbele ya ploti yetu, alikuwa wa kwanza kumchokoza.

"Shemeji, leo umechoka na nini?"

"Na jana," alijibu kupitia dirishani.

"Na kesho je?"

"Hiyo nitachoka nayo ikifika."

Mama Nekesa alicheka mpaka akaweka ungo chini. Lakini alipoondoka jioni alimwambia mama, kwa sauti ya chini, "Huyo mtu si mvivu. Mvivu hupenda kulala. Huyo halali."

Kweli hakulala mchana. Alikaa tu, macho wazi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema alifukuzwa huko Ulaya. Wengine walisema ana pesa amezificha. Mzee wa chumba cha nne, mshona viatu, alisema amerogwa na mwenzake wa safari. Mpangaji mwenyewe hakubishana na yeyote. Ukimuuliza atafanya kazi lini, alisema, "Kazi nimeshafanya." Ukimuuliza aliifanya vipi, alisema, "Vizuri." Neno hilo alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Alikuwa na baiskeli nzuri, nyepesi, aliyokuja nayo ndani ya sanduku. Aliitundika ukutani kwa misumari miwili na hakuwahi kuipanda. Vijana wa boda walikuja kuomba waione, naye aliwaruhusu. Mmoja alipouliza kwa nini haiteremshi alisema, "Inajua njia mbaya." Wakacheka. Yeye hakucheka.

Lakini siwezi kusema kwamba mwili wake ulikufa, kwa sababu mwaka wake wa pili hapa lilitokea jambo la lori. Lori la saruji lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko wa uwanja, dereva amekwenda kugonga muhuri, turniboi, msaidizi wake, amelala chini ya mti. Breki ikaachia. Lori likaanza kuteremka polepole bila mtu, likielekea vibanda vya kina mama. Watu walisimama wakilitazama, kwa maana lilikwenda taratibu sana hata halikuonekana la hatari. Mpangaji wetu alitoka chumbani akiwa na soksi, akaruka ukuta, akakimbia sambamba nalo, akafungua mlango, akapanda. Lilisimama hatua chache kutoka kwenye meza ya Mama Nekesa.

Mwenye lori alikuwepo. Alimshika mkono, akamwambia mbele ya watu wote, "Wewe nakuandika leo. Nairobi, Kampala, Juba, chagua."

Mpangaji wetu alitazama soksi zake. Akasema, "Ahsante, bwana, lakini hapana."

"Kwani unafanya kazi wapi?"

"Sifanyi."

"Sasa shida iko wapi?"

Alirudi ndani, akaosha miguu, na kwa siku tatu alitetemeka kama mwenye malaria. Mama alimpelekea uji na kumshikia kikombe. Aliporudi alisema mpangaji alionekana kama mtu aliyeponea chupuchupu kufanya ubaya, wala si mtu aliyefanya wema.

Sasa nieleze nilivyoingia mimi.

Nilimaliza darasa la saba, nikaishia hapo. Sikuwa mjinga, ila sauti yangu ilikuwa ndogo. Mwalimu akiniuliza nilijua jibu, lakini lilifika hadi kooni na kukaa. Mpakani hapa sauti ni mtaji. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa mama alinitafutia nafasi kwa wakala mmoja wa forodha. Kazi yangu ilikuwa kuchukua karatasi ofisini na kuwapelekea madereva kwenye foleni, na ili kumpata dereva kati ya malori yale lazima uite jina lake kwa nguvu. Mimi sikuweza kuita. Nilipita lori kwa lori nikisoma namba, na karatasi zikachelewa. Siku moja dereva aliyengoja tangu asubuhi aliniona nimesimama karibu na gurudumu lake, akawaambia wenzake, "Huyu mtoto walimnunua bila spika?"

Walicheka wote, hata wakala. Nilivumilia siku mbili zaidi. Siku ya tatu nilirudi nyumbani saa nne asubuhi, na kwa kuwa mama alikuwa mlangoni petu, nilipita nikaenda mpaka mwisho wa mstari ili asinione uso. Mpangaji wetu alifungua mlango.

"Ingia ukae," alisema.

Hakuuliza nimefanya nini. Alinipa ndoo ya kukalia, akarudi kwenye kiti chake. Tulikaa mpaka jioni. Nilipotoka alisema, "Kesho," nami nikasema, "Sawa, anko." Hayo ndiyo maneno yote ya siku ile, na nilijisikia kama mtu aliyetua gunia.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Humo ndani redio ilizungumza kwa sauti ya chini kiasi cha kutosikika maneno. Pazia lilikuwa blanketi zito la kijivu. Malori yalinguruma nje, wapigadebe waliitana, na yote yalifika kwetu kama mambo ya nchi nyingine. Hakuna aliyenitaka niite jina. Jumatatu ilifanana na Alhamisi. Mwanzoni nilihesabu siku, halafu nikaacha.

Katika mwezi wa pili alikuja dada mmoja wa serikali anayepita nyumba hadi nyumba kuuliza habari za kazi. Alikuwa na simu kubwa kama kitabu na viatu vilivyojaa vumbi. Alisimama mlangoni akasoma maswali.

"Katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote, hata kwa saa moja?"

"Hapana."

"Umetafuta kazi?"

"Hapana."

"Ukipewa kazi leo, unaweza kuanza?"

"Naweza."

Dada akainua macho. "Lakini hutafuti."

"Sitafuti."

"Basi kuna sababu za kuchagua. Mgonjwa. Mwanafunzi. Anatunza watoto au wazee. Amekata tamaa ya kupata kazi." Alingoja. "Ni ipi?"

"Kupata si shida, dada. Niliipata, nikaifanya."

"Hiyo haimo humu."

"Basi chagua inayokupendeza."

Alibonyeza kitu, akanitazama mimi kwenye ndoo. "Na huyu kijana?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba mimi ni wa chumba cha kwanza, kwamba nimepumzika tu, kwamba wiki ijayo nitaanza kitu. Maneno yalikuja mpaka mahali pao pa kawaida yakasimama. Mpangaji wetu alisema kwa niaba yangu, bila ubaya wowote, "Huyu pia."

Dada akabonyeza tena. Nilisikia ule mlio mdogo wa simu yake. Akashukuru na kwenda chumba cha sita.

Nilipomweleza mama jioni aliacha kukoroga ugali. "Wamekuandika?"

"Ndiyo."

"Pamoja na yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Egesa, mimi sikuzaa mtoto ya dirisha." Mama huchanganya Kiswahili chake hasa akiogopa. "Wewe nakaa humo mpaka lini? Mpaka ndevu iote? Yule iko na safari yake imemshinda huko. Wewe imekushinda nini? Hata Tororo hujafika."

Kesho yake nilirudi kwenye ndoo.

Ilikuwa mwezi wa tatu aliponiambia habari za Ulaya. Hakuanza kwa kusema anataka kunisimulia. Alikuwa ananyoosha kola ya shati kwa vidole, akasema, "Huko nilikuwa napeleka chakula."

Alipeleka kwa baiskeli ile ya ukutani, mvua, theluji, alasiri na jioni. Simu ilimwambia achukue wapi na apeleke wapi. Eneo lake lilikuwa na jengo refu, ghorofa kumi na moja, na mle ndani, alisema, waliishi wanaume wa umri wake ambao hawatoki.

"Wazee?" niliuliza.

"Wazee nilijua ningewakuta. Hawa ni watu wa nguvu zao. Mwanamume mzima, shingo nene, anafungua mlango kiasi cha mkono kupita, anachukua mfuko, anafunga. Mchana wa Jumanne. Hana kazi, hatafuti, hakuna anayemuuliza. Nilishangaa sana. Nilimpigia dada nikamwambia, huku watu wanakaa tu ndani ya nchi iliyojaa kazi."

Mmoja wao aliishi ghorofa ya sita. Alilipia chakula cha wiki nzima mara moja, wali na kuku, kila siku saa kumi na mbili jioni. Mpangaji wetu alimjua kwa mkono tu. Mkono mweupe wenye kovu kwenye kidole gumba. Miezi minane alimpa mkononi. Halafu siku moja maelezo kwenye simu yalibadilika. Yalisema: weka mlangoni, piga picha, ondoka.

"Nikaweka mlangoni," alisema. "Nikapiga picha. Nikaondoka."

Kesho yake mfuko wa jana ulikuwepo bado. Aliweka wa pili kando yake. Alipiga picha, simu ikakubali, ikampa mlango unaofuata. Siku ya tatu akaweka wa tatu.

"Hukugonga?"

"Maelezo hayakusema gonga. Na nilikuwa na milango mingine kumi na minne, na kila mlango una dakika zake. Siku ya nne nilisimama kidogo. Nilijua, kijana. Miguu yangu ilijua. Nikaweka wa nne, nikapanga mifuko isimame sawasawa ili picha iwe nzuri."

Siku ya tano polisi walikuwa wamefungua. Walimwita kituoni na kumwomba picha zake. Waliziweka mezani kwa mpangilio: mlango na mfuko mmoja, mlango na miwili, mitatu, minne. Mtu yule alikuwa ameanguka karibu na kitanda siku ya kwanza na hakufa siku hiyo. Daktari alikadiria kwamba aliishi mpaka siku ya nne.

"Nilidhani watanifunga," alisema mpangaji wetu. "Nilitaka wanifunge. Afisa aliniletea kahawa. Akaniambia, usijilaumu, umefuata utaratibu. Mkubwa wangu wa kazi akaniandikia ujumbe wa pole, na chini yake akaniambia wiki ile nimepata alama za juu, sijachelewa hata mlango mmoja." Aliachia kola ya shati. "Mtu akifanya kazi vibaya anaweza kujirekebisha. Mimi niliifanya vizuri. Sasa nirekebishe nini?"

Alirudi nchini baada ya hapo. Hakuniangalia alipomaliza. Nje, Mama Nekesa alikuwa anabishana na mteja juu ya kipimo cha dagaa.

Ungedhani hadithi ile ingenitoa humo. Haikunitoa. Ilinifunga zaidi, kwa kuwa sasa niliona kukaa kwetu kuna maana, tena kuna usafi ndani yake, kana kwamba sisi wawili tulikuwa tumekataa kumdhuru mtu. Mwezi wa tano ukapita. Mwezi wa sita mama aliniuliza ufunguo uko wapi, nikafungua mdomo na sauti haikutoka kabisa. Ilibidi nimwonyeshe kwa kidole. Mama alikinga uso kwa kanga akaingia ndani.

Baada ya siku ile aliacha kugombana nami. Aliacha pia kuniita kula.

Kwetu chakula hakiwekwi chini kikaachwa. Anayekileta huja na maji, humwagilia anayekula anawe mikono, hata kama ni mtoto, hata kama wamekosana. Chakula kilichowekwa chini bila mtu ni cha mbwa, au ni cha wale ambao hatuwataji. Mama anayajua hayo kuliko mimi. Lakini alichoka. Alianza kuleta sahani yangu iliyofunikwa mpaka mlango wa chumba cha mwisho, akaiweka kwenye saruji, akarudi. Hakugonga. Siku za kwanza nilisikia kandambili zake, nikatoka kuichukua. Halafu nikaja kuzizoea kandambili. Siku moja sikuwa na njaa, nikaiacha. Kesho yake pia.

Nilikuwa nimeisikia hadithi ya ghorofa ya sita, na bado sikuona kilichokuwa kinatokea mlangoni. Ndivyo kukaa kunavyomfanya mtu.

Mpangaji wetu ndiye aliyeona. Alifungua mlango saa tisa kwenda kuchukua chapati, akasimama. Nilimwona mgongo tu. Alisimama muda mrefu hata mwanga ukaanza kuniumiza macho.

"Ziko mbili," alisema.

"Nini, anko?"

"Nani ameziweka?"

"Mama."

"Tangu lini?"

"Hii ya jana. Hiyo ya leo."

Aligeuka, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alinishika shati kifuani kwa mkono mmoja, akaniinua kutoka kwenye ndoo kama mtu anayetoa nguo majini. Alinisukuma nje nikaanguka kati ya zile sahani. Akatupa viatu vyangu, kimoja kimoja. "Humu usirudi. Nikikuona kwenye mlango huu nitakuvunja mguu."

Halafu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitembea mstari mzima mpaka chumba chetu, akaingia bila kubisha hodi. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Mama Egesa," alisema, "usimwekee mtu chakula mlangoni. Mfuate ndani. Mpige. Mwagie maji. Lakini usiweke ukaenda."

Mama hakusimama. Alimtazama kwa utulivu, akiwa na maharage mkononi. "Nimesikia. Na wewe? Wewe nani atakufuata ndani?"

Alisimama pale kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Akatoka. Tulisikia kitasa chake kikizungushwa mara mbili.

Wiki ile mama alinipeleka Nagongera, mbele ya Tororo, kwa mjomba, kaka yake, anayenunua mahindi na mihogo mikavu siku za soko. Mjomba hakunitaka nipige kelele. Alinipa sindano ndefu ya magunia na kamba ya katani, akanifundisha kufunga mdomo wa gunia. Gunia halihitaji sauti. Nilijifunza taratibu, na kadiri mikono ilivyoshika kazi, maneno nayo yalianza kurudi, kwanza kwa wapakiaji, halafu kwa wakulima. Sasa ninaweza kumwita mtu aliye upande wa pili wa soko. Si kwa nguvu sana, lakini anageuka.

Mjomba ni mtu mwema lakini hana mchezo na siku ya soko. Ni Jumatatu, na magunia yote ya wiki hushonwa siku hiyo. Alishaniambia tangu mwanzo, "Ukikosa soko moja bila kunijulisha, sindano nampa mwingine. Hapa wanaoiomba ni wengi." Namwamini. Nawajua wanaoiomba kwa majina.

Kila nilipoweza, nilirudi Busia Jumapili kumwona mama. Mara ya kwanza nilifika mpaka chumba cha mwisho nikasimama nje, nikiogopa kugonga. Sauti ikasema kutoka ndani, "Hizo kandambili nazijua." Akafungua kidogo. Nilimpa parachichi mkononi. Alilipokea, akauliza kama nafanya kazi, nikasema nashona magunia.

"Unashona vizuri?"

"Mengine hupasuka."

Alionekana kufurahi. Kisha akasema, akitazama lile parachichi, "Ukija Jumapili, gonga. Nisipofungua usiondoke." Nikasema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayejibu salamu.

Miaka miwili alifungua kila nilipogonga. Alikuwa anakonda, na mashati aliyoyapiga pasi yalianza kumpwaya, lakini alifungua.

Jumapili moja ya mwezi huu mama alinipokea njiani, kabla sijafika ploti. Alisema mpangaji hajatoka tangu Jumanne. Mchoma chapati amemuulizia. Kila wakipita anajibu kwa sauti kwamba yuko sawa, waende. Dada yake wa Kampala amepigiwa simu, akasema akijibu basi ni mzima.

Niligonga.

"Leo sifungui," alisema.

"Unaumwa, anko?"

"Hapana."

"Basi fungua nikuone."

"Umenisikia. Nimejibu. Nenda."

Mama Nekesa, aliyekuwa anafunga dagaa zake, alisema, "Anaongea, si maiti. Mwacheni mtu na siku yake." Mshona viatu alikubaliana naye. Na kweli, kwa jicho la yeyote, tulikuwa tumefanya yote yanayotakiwa. Tumeuliza, amejibu. Tungeweza kwenda.

Nilifikiria kuvunja mlango. Ni mlango wa bati na kitasa kidogo, ungeachia kwa teke la pili. Lakini nilijua kwamba nikiuvunja angetoka, angesimama mbele ya watu akiwa amenyoa na shati limenyooka, na kesho angefunga tena kwa kufuli kubwa zaidi. Basi nikakaa chini kwenye saruji, nikaegemeza mgongo mlangoni.

Gari la mwisho la Tororo huondoka saa kumi na moja. Saa kumi mama alikuja kunikumbusha. Saa kumi na nusu alikuja tena, akasimama mbele yangu, na niliona anaelewa, na hofu yake ikageuka kutoka chumba kile kuja kwangu.

"Egesa," alisema polepole, "wewe unaondoka ama unakaa?"

"Nitaondoka akifungua."

"Na asipofungua?"

Sikumjibu. Nilijua jibu na sauti nilikuwa nayo. Sikutaka tu alisikie.

Tulilala hivyo, yeye ndani na mimi nje. Mama alinifunika shuka. Asubuhi malori yalianza kuwashwa moja moja ng'ambo ya ukuta, na moshi wake ukatufikia.

"Bado upo?" aliuliza. Sauti yake ilitoka chini, karibu na sakafu.

"Nipo, anko."

"Leo si siku ya soko?"

"Ndiyo."

"Magunia yatashonwa na nani?"

"Kuna mtu."

Nilimsikia akijivuta taratibu, nguo zikikwaruza saruji, kisha mgongo wake ukaegemea upande wa pili wa bati nami nikausikia uzito wake kwenye mabega yangu. Hakusema nenda tena. Simu yangu ilianza kuita mfukoni. Nilijua ni mjomba bila kuitazama. Nilitaka kwanza nisikie kitasa kikizunguka. Simu iliita mpaka mwisho, ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza, na baada ya hapo haikuita.